Kuendesha benchimaki zako mwenyewe kwenye gem5 ya mfumo mzima: maswali ambayo watu wa Tanga hawaachi kuuliza

Haya ndo maswali yanayorudi kila tukikaa na laptop zetu, awe mgosi wa Makorora anayefanya project ya mwaka wa mwisho au dada wa Chumbageni anayejisomea tu usiku. Benchimaki ni programu unayoiendesha ili kupima mashine, na mfano mmoja utapita humu mwanzo mpaka mwisho: programu fupi ya C inayoitwa `maji`, inakokotoa urefu wa maji ya bahari hapa bandarini Tanga saa baada ya saa kwa mwaka mzima, halafu inapanga namba zote ili tuone maji makubwa ya bamvua yanaangukia wapi. Ukiielewa hiyo, ya kwako utaipachika mahali pake.

## Kabla hujagusa kitu

gem5 ni kitu gani hasa, na "mfumo mzima" maana yake nini?

Ni simuleta ya usanifu wa kompyuta, yaani programu inayojifanya kompyuta: prosesa, kache (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa), ramu, diski, vyote vimeandikwa kwa C++ na kuunganishwa kwa skripti za Python. Ilipatikana kwa kuunganisha M5 ya Chuo Kikuu cha Michigan na GEMS ya Wisconsin, na makala ya kuitambulisha ilitoka 2011. Ni ya bure.

Mfumo mzima, wengi wanaandika FS, ni pale ambapo ndani ya hiyo kompyuta ya kuigiza unabuti Linux halisi, na kerneli yake (kiini cha Linux kinachosimamia kila kitu), na diski yake, halafu programu yako inaendeshwa juu ya hiyo Linux kama vile iko kwenye mashine ya kawaida. Ile modi nyingine, SE, haina Linux ndani, programu yako ikiita kitu cha mfumo kama kufungua faili, simuleta yenyewe ndo inajibu kwa niaba ya kerneli.

Sasa kwanini nisitumie SE tu, si ni rahisi zaidi?

Kama programu yako ni hesabu tupu, thredi moja (mkondo mmoja wa kazi), haigusi diski wala mtandao, tumia SE na usiumize kichwa, kweli kabisa. Hata `maji` inakubali SE vizuri tu.

FS inakuwa lazima pale kerneli yenyewe ni sehemu ya unachopima: faili nyingi, thredi zinazogombania kori (viini vya prosesa), kurasa za kumbukumbu, vikatizo vya saa. Tatizo la SE ni kwamba mambo hayo haitakwambia imeyaruka, itakupa namba safi nzuri na wewe utaziamini. Kuhusu thredi kwenye SE angalia swali la thredi kule mwisho.

Laptop yangu ina ramu GB 8, itaweza?

Kuendesha itaweza. Kinachoua ni kubildi, maana hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande inakula ramu vibaya sana, na ukiandika `-j8` kwa sababu umesikia ndo haraka, mashine inaganda mpaka unafikiri imekufa. Weka swapu (sehemu ya diski inayosaidia ramu) kwanza halafu:

```
scons build/X86/gem5.opt -j2
```

Acha iende, nenda kale chakula. Usibildi `gem5.debug` kwa kazi za kupima, hiyo ni ya kutafuta kosa na ni nzito. Iko na `gem5.fast`, inakimbia zaidi lakini imeondolewa ukaguzi wa ndani, kwa hiyo ukikosea itakosea kimya kimya. Mimi nasema kaa na `opt`.

Wa Windows: WSL2 (Linux ndani ya Windows) inakubali, ila weka kodi yote ndani ya home ya Linux, sio kule `/mnt/c`, la sivyo kubildi kutakuzeesha.

Bando langu dogo. Nashushaje haya mavitu?

Kodi yenyewe shusha bila historia yake: `git clone --depth 1 https://github.com/gem5/gem5`. Hapo umeshaokoa pakubwa.

Mzigo mkubwa ni diski ya Ubuntu, hiyo ni magigabaiti. Ukitumia `obtain_resource` kwenye skripti, gem5 inashusha na kuweka kwenye `~/.cache/gem5`, kwa hiyo mmoja wenu akishashusha mnakopiana kwa flashi, hakuna haja kila mtu kuchoma bando lake. Kwenye skripti yako andika njia ya faili moja kwa moja, mfano `DiskImageResource(local_path="/home/wewe/ubuntu.img")` na `KernelResource(local_path=...)`, ndo hapo haitakwenda mtandaoni kabisa.

Kuna benchimaki zilizotengenezwa tayari, kuna PARSEC, kuna SPEC, kwanini nihangaike na ya kwangu?

PARSEC ya Princeton ni bure na inafaa ukitaka kulinganisha na makala za watu. SPEC CPU 2017 inalipiwa. Lakini swali lako likiwa ni la kwako, mfano "hiki kikokotoo cha maji kwenye prosesa ndogo ya boya la baharini kitahitaji kache ya ukubwa gani", benchimaki ya mtu mwingine haikujibu.

Tena anza na swali, sio programu. `maji` ina vipande viwili kwa makusudi. Kipande cha kwanza kinajumlisha mawimbi matano, yale ya mwezi na jua yanayoitwa M2, S2, N2, K1 na O1 (M2 ndo mkubwa wao, unajirudia kila saa 12.42), kwa hiyo kazi yake ni kosaini nyingi na ramu haiguswi sana. Cha pili kinapanga urefu wa saa 8,760, kila mmoja baiti 8, jumla baiti 70,080, na hiyo haiingii kwenye kache ya L1 (ile ya kwanza, ndogo kabisa) ya kB 32 lakini kwenye L2 (inayofuata, kubwa zaidi) inaingia yote. Ukibadilisha ukubwa wa L1, cha pili ndo kitakachokwambia kitu, cha kwanza hakitajali. Ukiwa na kipande cha kwanza peke yake halafu ukaandika kwenye ripoti kwamba kache haina umuhimu, hapo mwalimu akikusimamisha amekuonea?

## Kuandaa programu

Nakompaili vipi?

Statiki, yaani laibrari zote zinaingia ndani ya programu yenyewe. Daima statiki, mpaka uwe na sababu ya kufanya vingine.

```
gcc -O2 -static -march=x86-64 maji.c -DGEM5 \
  -I gem5/include -L gem5/util/m5/build/x86/out \
  -lm5 -lm -o maji
```

Ukiacha `-static` programu itatafuta laibrari ndani ya diski ya simuleta, na diski ikiwa na Ubuntu ya zamani kuliko yako unaletewa ule ujumbe wa `GLIBC_2.34 not found`. Hakikisha kwa `file maji`, ikiandika "statically linked" uko sawa.

Hiyo `-lm5` inatoka kwenye `util/m5`, ingia humo na uandike `scons build/x86/out/m5`. Unapata vitu viwili: komandi ya `m5` ya kuweka kwenye diski, na laibrari `libm5.a`.

Programu inakufa na "Illegal instruction" ndani ya gem5, kwangu inakimbia vizuri.

Uwezekano mkubwa umeweka `-march=native`. Kompaila imeona prosesa yako ina instraksheni za AVX ikazitumia, na upande wa x86 gem5 haizijui hizo. Rudi `-march=x86-64`. Kama kosa linabaki basi kuna laibrari uliyoivuta ikiwa imekompailiwa tayari, ikompaili upya mwenyewe.

Kuna na kinyume chake: inakufa kwenye laptop, ndani ya gem5 inaenda. Hiyo ni kwa sababu amri za `m5_` (za kuiambia simuleta ianze au imalize kupima) ni instraksheni za uongo ambazo prosesa halisi haizitambui. Zizungushie `#ifdef GEM5` na ukijaribu nje usiweke `-DGEM5`.

Hizo amri za m5 naziweka wapi ndani ya kodi?

Hapa tulia, maana hapa ndo matokeo mengi yanapoharibikia. Kupima tangu Linux inapobuti ni kama kupima muda wa basi la Muheza ukaanza kuhesabu tangu dereva anapiga mswaki. Unachotaka ni kipande kile tu, na unakizungushia uzio:

```
#include <gem5/m5ops.h>

jaza(urefu, SAA); /* kupasha kache, haihesabiwi */
m5_reset_stats(0, 0);
jaza(urefu, SAA);
panga(urefu, SAA);
m5_dump_stats(0, 0);
printf("%f\n", urefu[0]);
```

Angalia huo mstari wa kwanza wa kazi. Tunaita `jaza` mara moja bure kabla ya kufuta takwimu, ili kache na kitabiri cha matawi (kinachobashiri programu itaelekea njia ipi) visiwe baridi. Kama swali lako ni kuhusu mwanzo wa baridi, basi toa huo mstari, ila uamue mwenyewe, isitokee tu.

Na `printf` iko nje ya uzio. Ndani ya simuleta herufi zinapita kwenye kifaa cha siriali, kerneli inaamka, wewe unadhani unapima kosaini kumbe unapima kuandika kwenye skrini. Ila usiifute kabisa, kwa sababu bila kutumia matokeo popote `-O2` inaweza kuamua kwamba kazi yote haina maana na kuitupa, halafu unaletewa namba ya haraka ajabu ambayo ni ya kitanzi kisichokuwepo.

Benchimaki iwe kubwa kiasi gani?

Ndogo kuliko unavyodhani. Chukua kwamba modeli ya kina ya prosesa inasukuma instraksheni 200,000 kwa sekunde moja ya saa yako ya ukutani (ya kwako halisi utaisoma kwenye `hostInstRate`). Prosesa ya GHz 3 inayomaliza instraksheni moja kila mzunguko inafanya bilioni 3 kwa sekunde. Gawanya: sekunde 15,000, saa nne na ushee, kuigiza sekunde moja tu.

Kwa hiyo hesabu kabla. Kwenye laptop yako piga `perf stat -e instructions:u ./maji` na uone ni ngapi. `maji` ya mwaka mmoja ni kosaini 43,800, tuseme kila moja instraksheni 60, ni kama milioni 2.6, sekunde 13 za kusubiri, raha mustarehe. Mtu akitaka miaka mia afanye hesabu hiyohiyo kwanza, na ajiulize mwaka wa pili utamwambia nini ambacho wa kwanza haukusema. Kama kweli programu lazima iwe ndefu, kuna njia za kuchukua sampuli, SimPoint ndo maarufu na gem5 inaikubali.

## Kuiingiza ndani ya diski

Nimeshakompaili. Inaingiaje huko ndani?

Njia ya kawaida ni kufungua diski kama folda. Angalia kwanza sehemu ya kwanza ya diski inaanzia sekta ya ngapi kwa `fdisk -l ubuntu.img`, mara nyingi ni 2048, zidisha kwa 512:

```
sudo mount -o loop,offset=1048576 ubuntu.img /mnt
sudo cp maji /mnt/root/
sudo cp gem5/util/m5/build/x86/out/m5 /mnt/sbin/
sudo umount /mnt
```

Usisahau `umount`. Na kamwe usiifungue diski wakati simuleta inaendelea kuitumia.

Sitaki kufungua diski kila nikibadilisha mstari mmoja wa kodi.

Basi ipitishe kwenye skripti. Diski nyingi za gem5 zimetengenezwa hivi: Linux ikimaliza kubuti inaita `m5 readfile`, inachukua faili uliloliweka nje kwa `--script`, au `readfile_contents` ukitumia laibrari mpya ya Python ya gem5, na kuliendesha. Hilo faili linaweza kubeba programu yenyewe ikiwa imegeuzwa kuwa maandishi:

```
(echo '#!/bin/bash'
 echo 'base64 -d > /tmp/maji <<MWISHO'
 base64 maji
 echo MWISHO
 echo 'chmod +x /tmp/maji'
 echo '/tmp/maji > /tmp/jibu.txt'
 echo 'cd /tmp; m5 writefile jibu.txt'
 echo 'm5 exit') > kazi.sh
```

Ndo njia ninayoipenda kuliko zote, diski haiguswi, na ikikaa pamoja na chekipointi (swali la chekipointi huko chini) unabadilisha kodi na kupata jibu bila kubuti tena.

Inasema "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs".

Kerneli imeamka, imetafuta diski, haijaiona pale ulipoiambia. Kwenye x86 jaribu `root=/dev/sda1` badala ya `/dev/hda1` au kinyume chake, inategemea umri wa kerneli, na baadhi ya diski mpya mfumo uko sehemu ya pili sio ya kwanza. Arm mara nyingi ni `/dev/vda1`. Na kerneli yenyewe iwe faili la `vmlinux`, sio `vmlinuz` uliyoichomoa kwenye `/boot` ya laptop yako, hiyo imebanwa na gem5 haiifungui.

Nimewasha, skrini imetulia tuli. Inafanya kazi au imekufa?

Maandishi ya Linux ya ndani hayaji kwenye terminali yako, yanaenda kwenye faili ndani ya `m5out`, kwa x86 jina lake linaishia na `pc.com_1.device`. Piga `tail -f` juu yake. Ukitaka kuingia na kuandika kabisa, kompaili `util/term` halafu `./m5term localhost 3456`.

Programu yangu iliandika matokeo kwenye faili, nimefungua diski, halipo!

Halitakuwepo. gem5 inaisoma diski yako lakini yote yanayoandikwa inayaweka pembeni kwenye kumbukumbu, simuleta ikizimwa yanaondoka nayo. Ni makusudi, ili kila mbio ianze na diski ileile. Toa faili kwa `m5 writefile jibu.txt`, litatokea ndani ya `m5out`.

## Kubuti bila kuzeeka

Linux inachukua masaa kubuti. Kuna dawa?

Usibuti kwa modeli ya kina. Kubuti ni mabilioni ya instraksheni ambazo huna haja nazo. Buti kwa modeli nyepesi, `AtomicSimpleCPU`, au KVM kama mashine yako inakubali, halafu ukifika kwenye benchimaki badilisha kwenda `TimingSimpleCPU` au O3 (ile modeli ya kina).

KVM maana yake prosesa yako halisi ndo inaendesha kazi, kwa hiyo kubuti kunaisha haraka sana, ila masharti ni mawili: usanifu wa ndani ufanane na wa nje (x86 juu ya x86), na `/dev/kvm` iwepo, ambayo mara nyingine ni kuiwasha tu kwenye BIOS. Ikilalamika kuhusu perf andika `echo 1 | sudo tee /proc/sys/kernel/perf_event_paranoid`.

Kwenye laibrari mpya unatumia `SimpleSwitchableProcessor`, na skripti yako ya ndani inaita `m5 exit` mara mbili: ya kwanza unaikamata na kubadilisha prosesa, ya pili inafunga kazi. Ukisahau kuikamata ile ya kwanza simuleta inafunga kabla benchimaki haijaanza, na hilo ni swali lingine tunaloulizwa sana, kwa hiyo jibu lake ndo hilo.

Chekipointi inafanyaje kazi?

Ni picha ya kompyuta nzima ikiwa imesimama. Unabuti mara moja, unaita `m5 checkpoint`, linazaliwa folda la `cpt.` na namba ya tiki (kipimo cha muda cha simuleta) ndani ya `m5out`, na kuanzia hapo unaanza kutoka kwenye picha. Na ukitaka picha moja itumike kwa benchimaki kumi tofauti, angalia faili `configs/boot/hack_back_ckpt.rcS`, ujanja wake ni kwamba inapiga picha halafu ndo inaita `m5 readfile`, kwa hiyo kila ukirudi inasoma skripti mpya uliyoweka.

Mambo ya kuzingatia. Ramu na idadi ya kori zibaki zilezile. Diski isiguswe baada ya picha, maana picha inahifadhi mabadiliko tu, chini yake bado inategemea faili lilelile la diski, ukiingiza kitu kipya humo Linux ya ndani itachanganyikiwa kwa namna za ajabu. Na kache hazimo kwenye picha, unarudi zikiwa baridi, ndo maana ya ule mstari wa kupasha kwenye swali la amri za m5.

Umeme ukikatika katikati ya mbio ya usiku?

Imekwenda, hakuna cha kurudisha isipokuwa ulikuwa unapiga picha njiani. Ukiendesha kwa skripti ya zamani `fs.py` (siku hizi iko `configs/deprecated/example`) kuna `--take-checkpoints=M,N`, inapiga kwenye tiki ya M na kila baada ya tiki N. Tiki moja kwa kawaida ni pikosekunde moja, kwa hiyo sekunde moja ya ndani ni tiki trilioni moja, usiweke N ndogo ukajaza diski ya laptop. `tmux` inakulinda na mtandao kukatika tu ukiwa kwenye seva ya mbali. Ushauri wa kawaida kabisa: mbio fupi nyingi, kila moja inaanza kwenye chekipointi ileile na kumaliza kabla betri haijaisha.

## Kusoma namba

stats.txt ina namba zilezile mara mbili na hazifanani. Niamini ipi?

Kila ukiita `m5_dump_stats` kunaandikwa kipande kipya, kinaanza na mstari wa "Begin Simulation Statistics" na kufungwa na wa "End". Simuleta ikifunga inaandika kingine tena. Kwa `maji` kipande cha kwanza ndo chako, kile ulichozungushia uzio. Cha mwisho kimebeba na `printf`, na `writefile`, na takataka za kuzima. Skripti nyingi za watu za kuchora grafu zinasoma kipande cha mwisho bila kujua.

simSeconds na hostSeconds, muda upi ni wa benchimaki?

`simSeconds`. Huo ndo muda ndani ya kompyuta ya kuigiza. `hostSeconds` ni muda uliokaa wewe unasubiri, unafaa kwa kulalamika tu.

Kumbe laptop ikichemka na joto la Februari hapa kwetu matokeo yanaharibika?

Hapana! Itachelewa, `hostSeconds` itapanda, lakini `simSeconds` haiguswi. Fungua na muziki ukitaka. Isipokuwa kipande kilichoendeshwa kwa KVM, pale prosesa yako halisi inahusika, na ndo sababu nyingine ya kutopima chochote ndani ya KVM.

IPC yangu (instraksheni kwa kila mzunguko) iko chini mno, kitu kama 0.02.

Kwenye `fs.py` hakuna kache mpaka uziombe! Bila `--caches --l2cache` kila instraksheni inaenda mpaka ramu na kurudi. Fungua `m5out/config.ini` uone kama `dcache` (kache ya data) ipo kweli. Kwa ujumla hilo faili lisome kila mara, linaeleza ulichokiendesha, sio ulichofikiri umekiendesha.

Nimebadilisha L1 kutoka kB 32 mpaka 128 na muda haujabadilika hata kidogo.

Angalia kwanza kama bado uko kwenye `AtomicSimpleCPU`. Hiyo haiigizi kusubiri kwa kumbukumbu, kila ombi linajibiwa papo hapo, kwa hiyo muda wake hauna maana kwa swali la kache. Kama uko kwenye Timing au O3 na bado hakuna tofauti, soma `overallMissRate` ya dcache, labda data yako ilikuwa inaingia yote tangu mwanzo. Rudi kwenye hesabu ya baiti 70,080.

Niendeshe mara ngapi ili nichukue wastani?

Thredi moja, mipangilio ileile, chekipointi ileile: mara moja. gem5 itakupa namba ileile kila ukirudia, wastani wa namba zinazofanana ni hiyohiyo. Thredi nyingi ni habari tofauti, twende chini.

Namba zangu hazilingani na laptop yangu halisi.

Na zisilingane. O3 ya gem5 ni prosesa ya jumla, sio i5 yako, wala haijui siri za kiwanda. Tumia simuleta kulinganisha muundo A na muundo B vyote vikiwa ndani yake, hapo tofauti ina maana. Kuandika "gem5 imethibitisha programu inachukua milisekunde kadhaa" bila kutaja mipangilio, hiyo sentensi ifute.

## Vichochoro

Thredi nyingi zinafanya kila mbio kutofautiana kidogo nikigusa kitu kidogo tu. Ni kosa?

Sio kosa. Badilisha ucheleweshaji wa ramu kidogo sana na mpangilio wa nani anashika kufuli kwanza unabadilika, kutoka hapo programu inaenda njia nyingine. Alameldeen na Wood wa Wisconsin walilionyesha hili 2003, na dawa ni kuingiza ucheleweshaji mdogo wa bahati nasibu, kuendesha mbio kadhaa, na kuripoti mtawanyiko pamoja na wastani. Funga thredi kwenye kori zake kwa `taskset` upunguze kelele za kerneli. Na kwenye SE hakuna mpangaji wa thredi kabisa, kila thredi inataka kori yake pamoja na ile kuu, ukizidisha inagoma.

Benchimaki yangu ni ya Python.

Inawezekana, weka Python ndani ya diski na uite `os.system("m5 resetstats")` na `m5 dumpstats`. Ila kila wito huo unazaa mchakato mzima mpya, na huo nao unaingia kwenye namba, kwa hiyo kipande cha katikati kiwe kikubwa vya kutosha kuumeza. Mambo ya milisekunde chache andika kwa C.

m5 exit haifanyi kitu nikiwa ndani ya KVM.

Ile instraksheni ya uongo inamfikia prosesa halisi badala ya simuleta. Tumia njia ya anwani, kwa x86 ni `m5 --addr=0xFFFF0000 exit`, na iendeshe kama root kwa sababu inapita `/dev/mem`.

Naweza kufanya haya kwa Arm au RISC-V?

Ndiyo, unabildi `build/ARM` au `build/RISCV`, unakompaili `maji` kwa kompaila ya usanifu huo, na `util/m5` unaibildi upya kwa `arm64` au `riscv`. Kerneli na diski navyo viwe vya huohuo. KVM kwenye laptop ya x86 sahau, kwa hiyo buti na Atomic usiku mmoja, piga chekipointi, na hiyo picha itunze kwenye flashi mbili.